Mchezo wa Kurudisha Ng'ombe Nyumbani

Kila jioni Oyoo aliporudi kutoka kazini Nairobi, hata kabla ya kuvua viatu, alikuwa na swali moja kwa mkewe.

"Mama Elsie, leo walikuwa wangapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Oyoo alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, na karani wa stoo huuliza idadi jinsi watu wengine wanavyouliza hali. Lakini swali hilo lilimchoma Nelima kila mara, kwa sababu waliouliziwa ni wanafunzi wake, nao walikuwa wakipungua. Kuna siku alijibu "kumi," akiwa amejitia na yeye mwenyewe ndani ya hesabu, pamoja na fundi wa stima aliyekuja kubadilisha soketi.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba cha mbele cha ploti yao pale Kitengela, kando ya barabara ya vumbi ambayo malori ya mawe hupitia yakitoka machimboni. Ubao wa nje ulisema ni chuo cha kompyuta, na kwa haki ya Mungu kompyuta zilikuwamo, zote za mitumba, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono. Nelima alizaliwa Bungoma, na mama aliyemlea hakuacha kitu cha maana ndani ya nyumba bila kitambaa. Alifunika redio, alifunika viti, na angepewa nafasi angemfunika hata mgeni. Nelima alisema vitambaa vyake ni vya kuzuia vumbi. Sawa, lakini vilikuwa na maua ya pinki pembeni, na vumbi halijali maua.

Alikifungua chuo mwaka wa 2001, wakati Kitengela ilikuwa bado na nyasi kati ya nyumba na nyumba, na karani yeyote wa mtaa ule aliyejua kuchapa barua alikuwa amepitia mikononi mwake. Kufikia mwanzo wa 2007 nyasi zilikuwa zimekwisha. Vyuo viwili vipya vilikuwa vimefunguliwa kule juu kwenye barabara ya Namanga, vyenye vioo vya buluu na msichana wa mapokezi, na vilifundisha yale yale aliyofundisha yeye, kutoka vitabu vile vile. Kwa nini mtu ajitie vumbi mpaka magotini kufuata kitu anachoweza kupata akiwa na viatu visafi?

Kisha akatokea mwuza simiti mmoja aliyetaka chumba. Alikuwa amepita mara mbili, akipima upana wa mlango kwa macho. Oyoo alilianzisha suala hilo kwa upole wake wote, kikombe cha chai mkononi.

"Mimi sisemi ufunge. Nasema tu, Agosti ikifika na watu wakiwa bado ni hao, hiyo chumba tumpe huyo mtu wa simiti. Wewe utapumzika."

"Nani alikwambia nimechoka?"

Hata hivyo aliikubali Agosti. Alijua mumewe anasema la maana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Chumba kile kilikuwa kitu cha pekee maishani mwake alichokianzisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kila alipofikiria mifuko ya simiti imepangwa pale palipokuwa ubao wake, aliinuka akaufuta ubao, hata kama ulikuwa safi.

Sasa tuje kwenye darasa la jioni, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Lilikuwa darasa la watu wazima waliojifunza kuandika programu, na mwisho wa masomo kila mmoja alitakiwa kutunga programu yake mwenyewe. Wa kwanza kuleta wazo lake alikuwa Wathome, mchonga mawe kutoka machimboni, aliyekuja darasani na vumbi jeupe kwenye nyusi. Alikuwa ameamua kutunga programu ya kusimamia maktaba. Wa pili alikuwa Beverlyne, aliyeuza maji kwa mitungi pale karibu na soko. Naye alileta programu ya kusimamia maktaba.

Nelima alishusha pumzi. Mwaka uliotangulia alikuwa amesahihisha maktaba tu, hakuna kingine.

"Wathome, umewahi kuingia maktaba?"

"Bado, Madam."

"Na wewe, Beverlyne?"

"Nilipitanga nje ya ile ya Nairobi."

"Sasa hiyo maktaba mnaijulia wapi?"

"Kila mtu hufanya ya library, Madam," Wathome akasema, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba. "Ukikosa library, unafanya ya hospitali. Kwani project yako wewe ilikuwa gani?"

Nelima akanyoosha kitambaa cha kompyuta kilichokuwa kimenyooka tayari. Mradi wake ulikuwa maktaba. Darasa lilipoisoma sura yake lilicheka mpaka Beverlyne akashika mbavu, na mwalimu naye hakuwa na la kufanya ila kucheka nao.

"Haya basi," akasema walipotulia. "Tuseme hakuna maktaba, hakuna hospitali. Ni kitu gani kwa kompyuta mlipenda kabla mtu hajawaambia ni ya masomo?"

Swali lilikuwa la aibu. Mtu mzima hapendi kukiri mchezo mbele ya mwalimu. Wathome ndiye aliyejitoa mhanga. Alipokuwa kijana, alisema, mjomba wake huko Machakos alikuwa na kompyuta dukani yenye mchezo wa matofali yanayoshuka, nawe unayapanga yasiache pengo, na mpaka leo akipakia mawe kwenye lori huyapanga vile vile. Beverlyne akasema yeye ni ule wa nyoka kwenye simu ya kakake, anayekula na kurefuka. Wakati wote huo Nelima alikuwa amesimama na chaki mkononi, haandiki kitu, kwa maana kondoo walikuwa wameshaanza kumpita kichwani.

Hao walikuwa kondoo wa Kajiado, wa mwaka wa 1993. Nelima alikuwa msichana aliyetoka chuo cha uchapaji juzi tu, akapata kazi katika ofisi ya mradi mmoja wa mifugo mjini Kajiado. Huko alikuta kompyuta moja yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, na mchapaji mwenzake aitwaye Kakenya, binti wa Kimaasai mrefu mwenye kicheko cha kusikika hadi posta. Mzungu aliyemaliza mkataba alikuwa ameacha diski nyembamba inayopinda, na ndani yake mchezo usio na jina. Ulikuwa na kondoo, kilima na zizi. Jua linashuka, kondoo wanatawanyika, nawe unahangaika kuwarudisha kabla ya giza. Saa ya chakula cha mchana wale wasichana wawili hawakuenda popote. Walikula mahindi ya kuchoma mbele ya kioo, mmoja akichunga na mwingine akipiga kelele, na punje zilizoangukia kwenye kibodi zilileta matatizo ambayo mkuu wa ofisi hakuwahi kujua chanzo chake. Baadaye Nelima aliolewa akahamia Kitengela, na urafiki ukabaki kuwa wa salamu za Krismasi.

Diski aliondoka nayo. Usiku wa siku ile ya maktaba hakupata usingizi. Asubuhi, Oyoo alipotoka tu, alivuta sanduku la bati kutoka mvunguni, akaikuta chini ya nguo za kitoto za binti yao Elsie. Ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba katika Kitengela yote hapakuwa na kompyuta yenye mdomo wa kuimeza, kwa kuwa diski za aina ile zilikuwa zimeshasahaulika. Akaishika mkononi muda mrefu, kisha akairudisha sandukuni na kupiga moyo konde. Angeutunga mchezo upya kwa kukumbuka.

Alifanya kazi hiyo asubuhi, kabla ya wanafunzi wachache wa mchana. Na tangu siku ya kwanza aligundua kwamba anafanya kazi huku anaimba, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka. Kondoo aliwabadilisha wakawa ng'ombe. Kondoo wapo Kajiado, tena wengi, lakini sijawahi kusikia mtu akimtungia kondoo wimbo. Kilima akakiweka, zizi likawa boma la miiba, na jua likashuka upande wa Magadi. Penye mambo aliyoyasahau alikata shauri kumwendea Kakenya mwenyewe.

Alimkuta nje ya ukumbi wa kanisa moja mjini Kajiado, amenenepa kidogo, shanga shingoni na funguo kiunoni. Kakenya sasa alikuwa mwalimu wa ngumbaru, wale wazee na akina mama wanaojifunza kusoma ukubwani.

"Takwenya," Nelima akamwamkia kwa Kimaasai chake cha zamani.

"Iko!" Kakenya akaitikia salamu. "Ai, Nelima! Kumbe bado unakumbuka?"

"Salamu na ile mchezo ya kondoo. Hizo mbili ndizo nilitoka nazo Kajiado."

Kile kicheko kikasikika tena hadi posta. Wakakaa wakanywa chai, wakakumbushana kila kitu, na chai ilipokwisha Kakenya akafungua mlango wa ukumbi na kumwonyesha safu ya kompyuta zilizotolewa na marafiki wa kanisa. Zilikuwa safi mno, safi ya kitu kisichoguswa.

"Wanaziogopa," Kakenya akasema. "Mzee akishika mouse, jasho inamtoka. Kamati ya kanisa inatafuta mtu wa kufundisha hapa, na huko Isinya na Bissil, lakini kila mwalimu akija anaanza na mambo ya barua, na wanalala. Nelima, ukiwafanya hawa watu washike hiyo kitu bila kuogopa, kazi ni yako na chuo yako. Mimi nitasema na kamati."

Vyuo vya vioo vya buluu havikuwa na mchezo wa ng'ombe. Kwa mara ya kwanza tangu mwuza simiti apime mlango, aliona Agosti bila kuogopa.

Akarudi na mchezo baada ya wiki chache. Kakenya aliujaribu siku nzima ya Ijumaa akapiga kelele kama zamani, na Jumamosi ngumbaru wote wakaitwa ukumbini. Walikuja na shuka zao na fimbo zao. Nyuso nyingi zilikuwa bado na uchovu wa kile kiangazi cha mwaka uliotangulia, kilichoacha mifupa ya ng'ombe kando ya barabara hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele kabisa alikaa Mzee Saning'o, mtu mkavu, mwenye masikio marefu na heshima kubwa, ambaye kabla ya kiangazi alikuwa na kundi la kuziba bonde.

Kompyuta zikawashwa. Ng'ombe wakatokea kwenye vioo, na ukumbi ukatoa sauti ya kupendezwa. Mzee Saning'o akashika kipanya. Akakisogeza kidogo, kisha zaidi. Akamsukuma ng'ombe mmoja, akamsukuma mwingine. Nelima alikuwa ameanza kutabasamu mzee alipoinua kidole na kuonyesha pembe ya juu ya kioo.

"Hii imeandikwa hapa ni nini?"

"Ni ng'ombe, Mzee. Inaonyesha zimebaki ngapi."

"Nani amehesabu?"

"Kompyuta."

Mzee akaweka kipanya mezani, polepole, akakigeuza tumbo juu.

"Mimi sijawahi hesabu ng'ombe yangu. Baba yangu hakuhesabu. Ukihesabu, unaita kitu ije kuzimaliza. Mwaka jana watu wa ofisi walikuja kuuliza zimekufa ngapi, na sikusema. Sasa hii sanduku inahesabu mbele ya watu?"

Akachukua fimbo yake akatoka. Wengine wakainuka nyuma yake mmoja mmoja, bila ugomvi, kwa adabu yote. Mama mmoja alisimama mlangoni kwa huruma kidogo akamwambia Nelima, "Tena zote zinafanana, mwalimu. Ng'ombe za hivyo haziko." Ukumbi ukabaki na walimu wawili. Na kwa kuwa hapakuwa na mchungaji, ng'ombe kwenye vioo walizidi kutawanyika, na ile tarakimu ya juu ikawa inashuka, ikashuka, mpaka sufuri.

Kakenya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mimi! Mimi mtoto wa Kimaasai! Jana nimeshinda hapa nikihesabu ng'ombe kama mtu wa kodi!"

"Na mbona kondoo tulihesabu?"

"Wale walikuwa kondoo ya wazungu, Nelima. Hakuna mtu alikuwa anawajua."

Lilikuwa jambo la kuchekesha, na siku nyingine wangelicheka. Nelima alirudi Kitengela amefadhaika, na jioni mumewe alipouliza walikuwa wangapi, alimjibu, "Walitoka wote," akaenda kupika. Oyoo alimfuata jikoni akachukua kisu na kuanza kumkatia sukuma wiki, vipande vikubwa mno.

Kilichomsumbua Nelima usingizini hakikuwa aibu. Lilikuwa swali. Ikiwa mtu hahesabu ng'ombe wake, anajuaje kwamba wote wamerudi?

Alilibeba swali hilo mpaka Kajiado. Ilibidi pia aombe msamaha, kwa hiyo yeye na Kakenya walinunua sukari na majani ya chai wakaenda mpaka boma la Mzee Saning'o, nje ya mji. Mzee aliwapokea kana kwamba hakuna lililotokea. Chai ilichemshwa, maziwa yakiwa mengi kuliko maji kama ilivyo ada, na jua lilipoinama ng'ombe wakaanza kuonekana kwa mbali. Mzee akainuka katikati ya mazungumzo, akaenda kusimama kando ya lango.

Ng'ombe waliingia kwa mstari, wakisukumana mabega. Mzee hakusogeza midomo. Aliwatazama tu, kila mmoja alipopita, jinsi mwalimu anavyotazama nyuso za darasa lake. Kundi lilikuwa dogo. Wote walipokwisha kuingia akamgeukia mwanawe akasema maneno machache, na yule akakimbia kurudi alikotoka.

"Amesema nini?" Nelima akanong'ona.

"Hajaingia yule wa sikio iliyokatwa," Kakenya akasema.

Baada ya muda mwenye sikio lililokatwa alirudishwa, anatafuna, hana wasiwasi wowote. Lakini Mzee Saning'o hakuondoka langoni. Alibaki amesimama, uso umeelekea bondeni, na hapakuwa na mnyama mwingine wa kuja.

"Sasa anangoja nani?"

Kakenya akafuata macho ya mzee. "Anaangalia zile za kiangazi. Bado anaziangalia. Iko moja alikuwa anapenda sana, anaitwa Keri, ng'ombe ya mabaka."

Machozi yalimtoka Nelima pale pale, naye hakuyaficha. Hakuwa mtu wa mifugo. Kwao walifuga kuku na mbuzi mmoja mkorofi. Lakini alijua kusimama mlangoni mwa chuo kungoja wasiokuja, na jambo hilo hakulihitaji kufundishwa na mtu.

Alirudi nyumbani akaubomoa mchezo wake karibu wote. Tarakimu ziliondoka, hakubakiza hata moja. Kila ng'ombe akapata rangi yake, pembe zake, mabaka yake, mwendo wake. Kazi ilikuwa kubwa kuliko mtu mmoja, hivyo akawaita Wathome na Beverlyne, na Wathome, kwa ile mikono ya kuvunjia mawe, akatokea kuwa mchoraji mzuri ajabu wa masikio. Na mwisho wa mchezo ukawa mpya. Jua likishuka, unakaa langoni na kutazama ng'ombe wakiingia. Kompyuta haikwambii lolote. Wewe ndiwe wa kusema nani hajaja, kisha unashika kipanya na kwenda kumtafuta nyuma ya vilima.

Kuwarudisha ngumbaru ukumbini haikuwa rahisi. Walikuja kwa sababu ya Kakenya, wakakaa karibu na mlango. Mzee Saning'o hakukaa kabisa; aliegemea fimbo nyuma, miguu imepishana. Nelima akawasha kompyuta moja tu, akasema tu kwamba ng'ombe wanarudi nyumbani.

Wakaingia kwenye boma la kioo, wa kwanza, wa pili, wa pembe zilizopinda, mweusi mwenye soksi nyeupe. Walipokwisha kuingia, sauti ikatoka nyuma.

"Hajaingia ile nyekundu ya paji nyeupe."

"Mtafute, Mzee," Nelima akasema.

Watu wakampisha. Mzee Saning'o akaketi, akashika kipanya bila kukitazama, akakipeleka nyuma ya kilima cha kwanza, nyuma ya cha pili, kando ya mto. Akina mama walikuwa wameshakuja mezani, kila mmoja anaelekeza. "Kushoto, kushoto! Si hapo, hapo ni jiwe!" Yule mwekundu akapatikana nyuma ya mgunga. Alipoingia langoni ukumbi ulishangilia, na jasho, kama lilimtoka mzee, lilikuwa la furaha. Kabla ya chakula cha mchana hapakuwa na kompyuta moja isiyo na mtu, na watu walioogopa kipanya kwa mwaka mzima walikuwa wanakinyang'anyana.

Walipokuwa wakitoka, Mzee Saning'o akabaki nyuma. Alizungukazunguka kiti, akakohoa, akaulizia afya ya watu wa Nelima wote, mpaka wa Bungoma. Hatimaye akasema, akitazama pembeni:

"Unaweza kuniwekea moja yangu? Ya mabaka."

Nelima akakaa. Mzee akamweleza na yeye akachora, baka moja baada ya jingine, hapa nyeusi, hapa nyeupe, pembe ya kulia iko chini kidogo, hapana, chini zaidi. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeharakisha. Kisha akauanzisha mchezo. Jua likashuka upande wa Magadi, kundi likaja kwa mstari, likaingia, likaisha. Mzee akasogea mbele ya kiti. Na hapo, nyuma ya wote, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia, Keri akatokea bondeni akaja mpaka langoni.

"Amechelewa," Mzee Saning'o akasema. "Ni kawaida yake."

Wiki iliyofuata watu walikuwa wamejipanga nje ya ukumbi, kila mmoja na ng'ombe wake kichwani, na wengi wa hao ng'ombe walikuwa wa kiangazi. Kamati haikuhitaji hotuba ya Kakenya. Nelima akapewa ukumbi wa Kajiado, kisha Isinya, kisha Bissil, na akawachukua wanafunzi wake wa jioni wakawe wasaidizi. Miradi nayo ikatoka bila maktaba hata moja. Wathome alitunga mchezo wa kupakia mawe kwenye lori, ukipanga vibaya lori linalala ubavu, na vijana wa machimboni wakaanza kuja chuoni kuucheza halafu wakabaki kusoma. Nyoka wa Beverlyne akageuka foleni ya mitungi ya maji inayorefuka mpaka inajifunga yenyewe, na kila mama wa Kitengela aliyeiona alisema hiyo si mchezo, hiyo ni Jumanne, siku ya maji kufunguliwa. Chuo kimoja cha vioo vya buluu kilijaribu kuiga ule wa ng'ombe. Waliweka ng'ombe wazuri sana, wote wa kahawia, na hakuna aliyejua ni wa nani.

Agosti ikafika, kama ilivyoahidi. Jumamosi moja asubuhi Oyoo hakuwa kazini, na mwuza simiti alikuwa amesimama nje ya mlango na futi ya kupimia, safari hii si kwa macho tu. Oyoo alimwita mkewe kando. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, na pia hakuwa mtu wa kumwonea mkewe. Alitaka tu jambo lijulikane.

"Mama Elsie, niambie tu ukweli. Sasa wako wangapi?"

Nelima akafungua mdomo kumjibu. Safari hii jibu lilikuwa zuri, hakuwa na haja ya kumwongeza fundi wa stima. Lakini badala ya kuitaja idadi akamshika mumewe mkono.

"Simama hapa mlangoni na mimi," akasema. "Uwaangalie wakiingia."

Oyoo akasimama. Wakaanza kuja kupitia lile vumbi, na Nelima akamtajia mumewe kila mmoja alipopita. Huyu ni Beverlyne, huyu anasoma na dadake kwa zamu, huyu ni wa machimboni, huyu mama ametoka Isinya asubuhi na mapema na amekuletea salamu kutoka kwa Kakenya. Oyoo aliitikia salamu mpaka akachoka. Mwuza simiti alisogea kando kuwapisha, akasogea tena, mwishowe akajikuta upande wa pili wa barabara.

Viti vilipojaa Oyoo akageuka aingie, lakini mkewe hakuondoka mlangoni.

"Unangoja nini? Si wameingia?"

"Wathome hajafika."

Lori la mawe likapita, vumbi likapanda, vumbi likashuka. Katikati yake Wathome akaonekana anakuja mbio, nyusi nyeupe, begi linampiga mgongoni. "Pole, Madam!" Alipokwisha kuingia ndipo Nelima akafunga mlango. Oyoo alibaki nje dakika chache, akavuka barabara, akamwambia mtu wa simiti atafute chumba kingine.

Jumatatu jioni Oyoo alirudi kutoka kazini kama siku zote. Akaketi, akainama kufungua kamba za viatu, akauliza akiwa bado ameinama.

"Mama Elsie, leo wote waliingia?"

"Wote," Nelima akajibu, akammiminia chai.